Theluji ya Farasi

Mzee Cyril Larter alikuwa na kiti chake mbele ya dirisha la barabarani, na tangu binti yake amlete kukaa naye, mwaka mzima na miezi miwili, hakuwahi kukigeuza. Dirisha la jikoni, lile linalotazama bustani ya nyuma, alilipita kama mtu anavyoupita mlango wa jirani aliyegombana naye: macho chini, hatua ndefu kadiri magoti yenye miaka tisini na moja yalivyomruhusu.

Huko nyuma hakukuwa na jini wala chui. Kulikuwa na bwawa tu. Urefu wake hatua kumi na tano, upana hatua tisa, kina cha kumfika mtu kiunoni pale katikati, na kingo zake ziliteremka taratibu ili hata kalunguyeye akija kunywa asizame. Mwishoni mwa Mei, baridi ikiwa imeshakata tamaa na kiangazi hakijaanza kujidai, binti yake Glenda alikuwa akitoka na kikombe cha chai kila asubuhi, anakaa juu ya kreti lililogeuzwa, anatazama. Uzio wa miti ya miiba umechanua mweupe mpaka harufu yake inaziba pua. Viluwiluwi wameota miguu ya nyuma na hawajui waitumie vipi. Konokono wanakwangua mawe. Mdudu wa kahawia anapanda bua kutoka majini, anang'ang'ania, mgongo unampasuka, na ndani ya ganda lile anatoka kereng'ende wa buluu mwembamba kama sindano, anakaa akijikausha kama mtu aliyetoka kuoga. Mbayuwayu wanashuka kunywa bila kutua.

Hakutia kitu mle. Si samaki, si dawa, si pampu, si mmea wa dukani. Maji ni ya mvua. Mwaka wa kwanza yalikuwa ya kahawia. Mwaka wa pili yakawa kijani kibichi, na jirani yake Desmond Pye, mpeleka barua mstaafu, aliegemea uzio akasema, "Glenda, supu yote hiyo ya njegere unampikia nani?" Watu wakamshauri atie dawa. Akaikalia mikono yake, hakugusa kitu. Wakaja viroboto wa maji wakaula ule ukijani, wakaja wanaokula viroboto, wakaja wanaokula wale wanaokula viroboto, na mwaka wa tatu ukawa unaona sarafu chini kabisa. Kila mdomo ulipata kazi yake na kila kazi ikapata mdomo, na hakuna bwana mkubwa hata mmoja aliyepanga zamu.

Lakini lile halikuwa bwawa jipya, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kabla Glenda hajaanza shule, nyumba sita za matofali pale Thurlham, kijiji cha Norfolk huko Uingereza, hii ya Glenda ikiwa mojawapo, zilikuwa mali ya shamba kubwa la Hallmere, na kila aliyelala ndani yake alikuwa kibarua wa Hallmere. Nyumba ya kazi, ndivyo ilivyoitwa. Neno tamu, ukilisikia utadhani ni zawadi. Maana yake ni kwamba ukiacha kazi, au kazi ikikuacha wewe, ifikapo Jumamosi kitanda chako kiko barabarani pamoja na watoto wako. Hawakuhitaji mnyororo wala mjeledi. Walikuwa na ufunguo wa mlango wako. Kwa njia hiyo Norfolk nzima ililimwa, na leo wajukuu wa wenye funguo wanaandika vitabu vya picha kuhusu uzuri wa mashamba.

Nyuma ya nyumba zile palikuwa na bwawa la farasi, la zamani kuliko nyumba zenyewe. Babu yake Glenda, baba yake Cyril, alikuwa mtunza farasi wa Hallmere. Kila Mei, alisema babu, bwawa lilifunikwa na maua meupe yenye jicho la manjano, madogo, maelfu kwa maelfu, mpaka maji hayaonekani. Na farasi waliporudi kutoka shambani wakanywa, waliinua vichwa pua zao zikiwa zimejaa petali. Watu wa zizini waliliita ua lile theluji ya farasi. Nyumba kubwa ya wenye shamba haikulijua jina hilo. Nyumba kubwa haikuwa na haja ya kujua farasi wanakunywa wapi.

Kisha matrekta yakaja, farasi wakauzwa, na serikali ikawa inawalipa wenye mashamba ili wafukie mabwawa, wapate ngano mpaka ukutani. Meja, mwenye Hallmere wa wakati huo, akamwita Cyril, kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye mke na mtoto na nyumba ya kazi. Cyril akapanda trekta. Siku tatu alisukuma uzio uliong'olewa, chupa, mabati na udongo ndani ya lile bwawa. Baba yake alisimama kwenye uzio siku zote tatu, kofia mkononi, na Glenda mdogo kando yake. Mzee yule hakusema neno. Hakusema neno na mwanawe mpaka mavuno yakaisha, na hata alipoanza tena kusema naye, hakuwahi kusema juu ya farasi.

Miaka ikapita. Hallmere ilipoona mashine hazihitaji pa kulala, ikaziuza zile nyumba, na Glenda na marehemu mumewe wakanunua ileile alimozaliwa. Alipika chakula cha watoto wa shule miaka ishirini na nane, akastaafu, na kila kipupwe aliona pale nyuma nyasi zinalowa kwa umbo lilelile. Akasoma maktabani kwamba mbegu za mimea ya maji hulala kwenye tope miaka mia bila kufa, zikisubiri mwanga. Akakodi mashine ndogo ya kuchimba. Akachimba mabati, chupa na udongo, na alipofika kwenye tope jeusi laini kama siagi, akamwambia dereva: "Hapohapo. Usiende chini hata kidole."

Baba yake alipohamia kwake aliambiwa yote. Akasikiliza, akacheka kicheko kisicho na meno wala furaha.

"Umefukua shimo, mwanangu. Bwawa lile nililiua mimi mwenyewe."

"Toka basi ulione."

"Siku theluji ya farasi itakaporudi, nitatoka."

Alisema vile kama mtu anavyosema siku ng'ombe wakiota mbawa. Lakini Glenda alikuwa binti yake, na ahadi aliihesabu kuwa ahadi.

Kwa hiyo mwaka huu, ilipofika Aprili, akaona chini ya maji nywele za kijani zinasimama kutoka kwenye tope, alikaa kimya. Zilikuwa kama manyoya, nyembamba, zinayumba. Huenda ni theluji ya farasi yenyewe. Huenda ni mwani tu, ule wa nyuzinyuzi wanaouita pamba ya maji, ambao mwaka huu nao ulikuwapo, umejikunja humohumo kati ya zile nywele. Hakuwa na hakika. Hakumwambia baba yake. Alitaka kwanza apate tumba, achungulie, kisha aende akasimame mbele ya kile kiti aseme: Haya, vaa viatu.

Alhamisi ya mwisho ya Mei alimpeleka mzee mjini kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa binti mpole. Alizima taa, akawasha taa, akasema hakuna zaidi cha kufanya. Mzee bado ataona weupe na weusi kiangazi hiki. Mei ijayo, asitegemee.

Ndani ya gari Cyril akasema, "Afadhali. Sura ya Desmond nimeshaiona vya kutosha."

Glenda hakucheka. Alikuwa anahesabu siku. Mei hii, au basi.

Alimfikisha, akampeleka kwenye kiti chake cha barabarani, akatoka mlango wa jikoni kutazama maji. Akasimama.

Maji yalikuwa matupu. Safi, ya kung'aa, matupu kama beseni. Ukingoni, juu ya nyasi, palikuwa na lundo la kijani kibichi lenye kumfika magotini, linachuruzika, na reki imeegemezwa vizuri kwenye uzio.

"Desmond! Desmond Pye! Njoo hapa kabla sijauruka huo uzio!"

Desmond akatokea na kofia yake ya majani, anatabasamu, mkono mmoja kiunoni.

"Umeona kazi hiyo? Saa tatu nimeinama. Mgongo huu hautanisamehe."

"Nani alikutuma?"

"Anitume nani? Jumapili ni Bustani Wazi, Glenda. Kijiji kizima kitapita hapa na nusu ya kijiji cha pili, wanakula keki na kutazama. Bwawa limejaa minywele kama bafu la mabinti zangu. Nikasema, masikini, yuko hospitali na mzee, ngoja nimsafishie."

"Umenisafishia!"

"Nimekusafishia. Na usiseme huwa sisikilizi. Uchafu wote nimeuacha ukingoni, kama ulivyonifundisha, ili wadudu wajirudie majini wenyewe. Kuna mjusi wa maji mmoja nimemrudisha kwa mkono, akanitazama vibaya."

"Wewe mtu una nyasi fupi kama zulia la hoteli, mdudu akipita kwako anajifuta miguu, nani alikwambia uje na ugonjwa wako huo kwangu? Miaka mitatu, Desmond! Miaka mitatu sijagusa hata jani! Nilikuwa nasubiri kitu kimoja, kimoja tu..."

Desmond alivua kofia. Alikuwa mtu aliyepeleka barua miaka thelathini na tano bila kupoteza hata moja, na uso wake sasa ulikuwa wa mtu aliyefungua mfuko akakuta barua ya mwaka juzi.

"Nini, Glenda? Kitu gani?"

"Muache huyo."

Waligeuka wote wawili. Mlangoni mwa jikoni, mikono yote miwili kwenye chuma chake cha kutembelea, soksi miguuni bila viatu, alikuwa amesimama Mzee Cyril.

"Kelele zimefika barabarani," akasema. "Nilidhani mmechinjana, nije kuchagua nizike yupi."

"Baba, amezing'oa. Zile nilizo... nilikuwa sijakuambia."

"Nimesikia alichong'oa. Nina macho mabovu, masikio sijasema." Akashusha kile chuma kwenye jiwe la kwanza la njia, kisha mguu, kisha mguu wa pili. "Muache. Alidhani anasafisha."

"Ndiyo hilo ninalolisema, hakuna aliyem—"

"Glenda." Alisimama kupumua. "Unajua Meja aliniambia nini? Miaka yote hii mnasema aliniambia nilifukie. Hakutumia neno hilo. Alinikuta uani, akaniambia, 'Larter, pale nyuma pachafu. Pasafishe.' Basi. Akaenda zake kula. Angesema fukia, pengine ningejibu kitu. Neno lake lilikuwa safi, na mimi nikalibeba."

Glenda alitazama miguu ya baba yake ndani ya soksi tupu, miguu ile ikiwa kwenye bustani ya nyuma kwa mara ya kwanza tangu ahamie, na hakuthubutu kutikisika, kama mtu anayetazama ndege akitua karibu.

"Liko wapi hilo lundo?" akauliza mzee. "Au nimetoka kuwasikiliza nyie tu?"

Wakamletea lile kreti la chai, wakamkalisha. Akatia mikono yote miwili kwenye lundo mpaka kwenye viwiko, akafumba macho, ambayo kwake haikuwa tofauti kubwa. Akawa anavuta, anapitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, anatupa kushoto.

"Hii kamasi. Hii kamasi. Hii nayo kamasi, Desmond, hii umefanya vema kuitoa." Akavuta tena. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita polepole. "Hii ina fundo. Kila urefu wa kidole, fundo. Na ukiiinua haianguki kama uzi, inajishikilia kidogo. Leta mkono wako."

Glenda akaleta. Akapapasa.

"Hapa mwisho," akasema baba yake. "Pole pole. Hapo."

Ilikuwa punje ndogo kama ya pilipili manga, ngumu, kwenye kijiti chake. Tumba.

Mzee alikaa na ile punje kati ya vidole, maji yakimtiririka kwenye mikono ya shati. Kisha akakohoa kwa ukali.

"Mnangoja nini? Inakauka. Nyie chambueni, mimi nitahakiki. Fundo kulia, kamasi kushoto. Desmond, wewe ingia majini, ndiye uliyezitoa."

"Mzee Cyril, hii suruali—"

"Vua."

Desmond Pye aliingia bwawani na chupi yake ya bluu, mbele ya jua la saa kumi na mbili jioni, na mke wake akitazama kutoka dirisha la juu bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake. Aliminya kila shina kwenye tope jeusi kwa vidole vya miguu. Viluwiluwi walimnyonya vidole. Waliendelea mpaka chai ikapoa mara mbili. Mengi yalikuwa yamekatika. Machache yalikuwa na mizizi, na ile ya kuacha lundo ukingoni, desturi ndogo ya kuwahurumia konokono, ndiyo iliyoyaweka mabichi.

Glenda hakumsamehe Desmond siku ile. Wala Ijumaa. Jumamosi alimpa keki iliyoungua, na Desmond akaila yote.

Jumapili asubuhi akatoka na kikombe chake. Maji yalikuwa na ukungu wa tope, yamevurugika, mabua yamelala upande. Bwawa baya kuliko yote katika Bustani Wazi ile. Na juu yake, karibu na ukingo wa mbali, vitu vitatu vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati.

Alirudi ndani akasimama mbele ya kiti cha dirisha la barabarani.

"Haya," akasema. "Safari hii na viatu."

Alipomfikisha, mzee alielekeza uso huku na huku, kama redio inayotafuta stesheni. Kisha akatulia.

"Kuna weupe," akasema.

"Upo."

"Mahali patatu."

"Patatu, Baba."

"Tulikuwa tunayaosha kwenye pua za farasi kwa kitambaa," akasema.

Watu wakaja, wakala keki. Wengine waliuliza kama bwawa ni gonjwa. Mchana akaja Bwana Piers, mjukuu wa Meja, mwenye Hallmere wa leo, buti safi, mbwa wawili. Akachuchumaa ukingoni, akafurahi kwa dhati; tusimnyime haki yake. Akasema Hallmere nao sasa wanafukua mabwawa matatu ya zamani, mpango mzuri sana, serikali inalipa.

Serikali inalipa. Iliwalipa kufukia, inawalipa kufukua, na mkono unaopokea ni mmoja, umebadilisha pete tu. Glenda alihisi joto linampanda shingoni. Alikuwa na maneno tayari, alikuwa nayo tangu akiwa na miaka mitano. Lakini Bwana Piers alikuwa amegeukia kreti alilokalia Cyril.

"Na haya maua ni nini, mzee? Sijawahi kuyaona."

"Theluji ya farasi."

"Jina zuri! Sijapata kulisikia."

"Hukuwa na haja. Lilikuwa la watu wa zizini." Mzee alielekeza kidole majini. "Bwawa hili nililifukia mimi. Trekta la babu yako. Siku tatu."

Bwana Piers alivuta mbwa mmoja karibu bila sababu. "Zamani hizo," akasema. "Mambo yalikuwa tofauti."

"Hayo matatu yako anachimba nani?"

"Tuna kijana mmoja mzuri sana, mtu wa mashine."

"Anakaa wapi?"

"Pale kwetu. Kwenye nyumba ya shamba."

"Ya shamba," akasema mzee. "Yako."

Kereng'ende alitua kwenye chuma cha kutembelea, akaondoka. Mahali fulani kijiko kiligonga sahani.

"Basi mwambie hivi, kutoka kwa Larter," akasema Mzee Cyril, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Akifika kwenye tope jeusi asimame. Hata kidole asizidishe. Na siku moja ukimwambia afanye kitu, akakwambia hapana, mwache alale kwenye kitanda chake."

Bwana Piers alikusanya kamba za mbwa wake. Kisha akasema atamwambia. Labda alimwambia. Kijana wa mashine hatujamuuliza.

Alipokwisha kwenda, Glenda akainama. "Ungemwongezea kidogo, Baba. Ungemwambia habari za Babu."

"Babu yako hakusema kitu pale kwenye uzio, nikayasikia yote." Alipangusa pua. "Desmond yuko wapi?"

"Nipo hapa, Mzee."

"Nenda ndani, chukua kile kiti changu cha barabarani, kiweke dirisha la jikoni. Kigeukie huku."

"Sawa, Mzee."

"Na Desmond."

"Naam."

"Usisafishe kitu njiani."